Siku Mdogo Wangu Alipofunga Saluni

Nimemwonea mdogo wangu wivu tangu mwaka ule vijana walipoingia barabarani, na mpaka leo sijapona. Watu huniuliza habari za siku zile wakitaraji niwaeleze siasa. Nitaeleza, lakini siwezi kuitenganisha siasa ile na huyu mtoto wa mama yangu.

Kwetu ni Rabai, ila tulizaliwa na kulelewa Chaani, mtaa wa Changamwe, kwa kuwa baba alikuwa mpagazi bandarini mpaka mgongo ulipomkatalia. Mimi ndiye mkubwa. Nilisoma, nikapata kazi ya ofisini katika kampuni ya kutoa mizigo. Yeye ndiye kitindamimba. Shule haikumkaa, akajifunza ususi, akafungua saluni ya mabati nyuma ya kanisa. Ni mtu wa maneno machache. Anaweza kukusuka kutwa nzima asikuulize ila kama unaumia.

Msemaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Katika baraza la chifu, nikiinuka tu, akina mama waliacha kunong'ona. Nilizungumzia mabomba makavu, askari wanaomwaga samaki wa wachuuzi, vijana wanaokamatwa kwa kosa la kukaa kibarazani mwao. Chifu alisema malalamiko yamepokewa. Watu walinipigia makofi, tukatawanyika. Miaka ikapita hivyo.

Nilisadiki kwamba watu huinuka wanapozidiwa na shida. Nikaingoja siku hiyo kama anavyongojwa mgeni, na mahali pangu nilikwisha kujichagulia: mbele. Shida zikazidi, bei zikapanda, na watu wakazidi kuvumilia. Walifunga mikanda, wakapunguza mlo, wakamwachia Mungu. Sikuelewa. Nilifikiri labda sijasema vizuri vya kutosha.

Kisha ikaja alasiri moja. Katika kiti cha mdogo wangu alikuwa ameketi msichana wa chuo, watu wao wa bara, baba yake dereva wa lori aliyehamia Changamwe. Msichana huyo alikuwa na mkono mkali katika simu. Aliandika maneno juu ya serikali ambayo watu waliyasoma kimyakimya wakayafuta. Rasta zilikuwa zimefika nusu ya kichwa wanaume watatu walipoingia, nguo za kiraia, bila hodi. Walimshika mabega wakamwinua.

"Mnampeleka wapi?" mdogo wangu aliuliza.

"Wewe suka nywele," mmoja akamjibu.

Walimtia katika gari lisilo na namba wakaondoka naye, miguu mitupu.

Baadaye mdogo wangu aliniambia kwamba bastola aliiona kiunoni mwa mmoja wao, lakini haikumuuma kama neno lile na kule kuingia bila hodi. "Dada," alisema, "pale ni mlangoni pangu. Hata mwenye nyumba akija kudai kodi hubisha hodi."

Alifunga saluni, akazichukua ndara za yule msichana, akaenda nazo kituo cha polisi. Wakamwambia hawamjui mtu huyo. Akatoka, akaketi nje ya lango, ndara mapajani. Wanawake waliopita walimtambua, maana vichwa vingi vya mtaa ule vimepita mikononi mwake. "Kuna nini?" walimuuliza, naye akawaambia. Wengine waliketi. Wengine walikwenda kuita wenzao.

Mimi nilipata habari ofisini kesho yake. Niliomba ruhusa, na njia nzima nikawa natunga hotuba. Nakumbuka hata nilipanga wapi nitapumzika ili watu waitikie.

Nilikuta umati. Walikuwapo wafanyakazi wa viwandani waliotoka zamu, waendesha bodaboda, mama muuza mahamri jirani wa saluni, na wazee kwa vijana ambao hawajawahi kukanyaga baraza hata mara moja. Hakuna aliyewaita. Wengi walikuwa hawamjui hata yule msichana. Nilimwuliza mama wa mahamri kwa nini amekuja, maana yeye ni mwoga kama kunguru.

"Wallahi sijalala," alinijibu. "Mimi nina binti. Kama wanaingia kwa msusi, kwangu watashindwa kuingia?"

Nilisogea mbele, nikasafisha koo. "Jamani, naomba nizungumze."

Mwanamke mmoja, aliyekuwa akinipigia makofi kuliko wote kule barazani, alinishika mkono kwa upole. "Subiri kidogo, mamangu," akasema. "Twamsikiliza msusi."

Mkuu wa kituo alitoka. Akatutazama, akauliza, "Kiongozi wenu ni nani?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda. Mdogo wangu akasimama, akajipukuta vumbi kwenye dera.

"Kiongozi hatuna, afande," alisema. "Mimi nilikuwa namsuka, sijamaliza. Viatu vyake hivi hapa."

"Nimeshawaambia huyo hatunaye. Nendeni majumbani."

"Basi tutakaa mpaka mumjue aliko."

Akaketi tena. Umati wote ukaketi. Nilibaki wima peke yangu kama mlingoti, kisha na mimi nikaketi mavumbini na sketi yangu ya ofisini. Moyoni moto ulikuwa ukiwaka. Maneno yenyewe hata hayakuwa na ufundi. Mimi nilikuwa nayo bora kuliko hayo, yamepangika, na hakuna aliyeyataka.

Polisi walitupiga gesi ya machozi. Tulikimbia, tukaosha nyuso, na cha ajabu tukarudi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho miaka yote ya baraza haikunifundisha. Shida kila mtu huibeba chumbani mwake, na hudhani ni mzigo wake peke yake. Tulichokuwa tumenyimwa ni kuonana. Ile siku tuligeuza shingo, kila mmoja akamwona mwenzake ameketi, na woga ambao serikali ilikuwa imetugawia mmoja mmoja ukakosa pa kukaa.

Baada ya siku chache yule msichana aliachwa kando ya barabara kuu. Alikuwa hai. Upande uliosukwa walikuwa wameukata kwa makasi hadi kwenye ngozi. Alirudi saluni mwenyewe, akaketi, na mdogo wangu akamnyoa upande wa pili, pande zikawa sawa. Picha ya kichwa kile ilizunguka simu zote za Changamwe, ikavuka kisiwa hadi ng'ambo ya pili, ikafika Kisauni na Bamburi. Maandamano makubwa ya kupinga kodi mpya yalipoitishwa, Chaani ilitoka yote.

Siku hizo mbunge mmoja alisema redioni kwamba hawa vijana wanasukumwa na wivu, wanataka vya wenzao. Nilikuwa jikoni kwa mama, nikacheka. Wivu naujua mimi. Wivu haukutoi nje ukasimama na watu. Hukufungia ndani ukahesabu wageni wa mwenzio. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Wageni walikuja kwa mama kutwa, wakamsifu aliyemzaa msusi, na mimi niliwakaribisha chai huku nikizijua sifa zile kwa moyo.

Jioni moja mama aliniambia, "Miaka yote nikidhani nimezaa msemaji mmoja."

"Nami nilidhani hivyo, mama."

"Yakuuma?"

"Yaniuma."

Hakunibembeleza. Alinisogezea nazi nikune, nikakuna.

Kodi mpya iliyowatoa vijana barabarani iliondolewa. Wakubwa wawili watatu walibadilishwa viti. Kisha mambo mengi yakaanza kurejea yalivyokuwa, na wapo waliotoka asubuhi kwenda kuandamana ambao mama zao wangali wanawasubiri. Sisemi tulishinda. Nasema tu kwamba magari yasiyo na namba siku hizi yakiingia Chaani, madirisha hufunguka badala ya kufungwa.

Mwaka huu akina mama wa Likoni walimwita mdogo wangu akazungumze nao katika ukumbi wa kanisa. Alinijia kazini, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Dada, twende wote. Mimi kusema sijui."

"Wamekuita wewe."

"Najua. Twende."

Tulivuka kwa feri tukiwa tumesimama bega kwa bega. Ukumbini walimkaribisha kwa vigelegele. Akawaambia kwa ufupi habari za yule msichana, kisha akasema, "Mengine dada yangu ndiye anayeyajua," akaketi.

Niliinuka. Nilizungumza vizuri, pengine kuliko siku zote za maisha yangu. Nilieleza kwa nini watu huvumilia muda mrefu hivyo, na kwa nini siku moja huacha. Ukumbi ulitulia. Lakini kila nilipomaliza sentensi, niliona macho yao yakimgeukia mdogo wangu kwanza, kuangalia kama ametikisa kichwa kukubali. Alikuwa akitikisa. Nami nikaendelea kusema.