Niliyakinga Mawaridi ya Mwalimu na Theluji ya Dodoma

Wacha niseme mwenyewe kabla hujasimuliwa na wengine. Nilimdanganya mama mtu mzima, mjane, tena kanisani, tena siku ya Krismasi, na yote hayo kwa sababu ya maua. Kosa ni langu. Sikutumwa, sikusingiziwa, na pombe sinywi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni, ghafla tukawa tunachagua sabuni ya rangi gani. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, nimehamishiwa huku kutoka Tanga, nina mke na bado sina mtoto. Jirani yetu alikuwa Mwalimu Damari.

Mwalimu Damari alikuwa mwenyeji, Mgogo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nusu ya mtaa aliifundisha kusoma. Hata sisi wageni tulimwamkia kama watoto waliochelewa darasani. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wanaishi mbali. Kilichomweka mjini ni mashina kumi na mawili ya mawaridi mekundu, sita kila upande wa njia ya kuingilia kwake. Pingili za kwanza alipewa siku ya harusi yake. Kila Krismasi aliyakata maua yale akayapeleka kanisani kupamba madhabahu, na katika mji mkavu kama wetu, watu walikuwa wakisimama getini kwake kuyaangalia tu.

Mwezi wa sita mwanawe anayefanya biashara ya mahindi Kibaigwa alimwita. Mkwewe alikuwa amejifungua mapacha na hali yake haikuwa nzuri. Mwalimu angekaa huko mpaka Krismasi. Jioni kabla ya safari alikuja kwetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Nakuachia maua yangu."

Akanieleza. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, makopo mawili kila shina, jua likishazama. Majani makavu yawekwe juu ya mizizi lakini yasiguse shina, maana mchwa wa huku hawana adabu. Halafu akasema, "Na usidanganyike na baridi hii. Upepo wa sasa unakausha kuliko jua la Oktoba. Ua linasikia kiu hata kama wewe umevaa sweta. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Rudia."

Nikarudia yote, mimi mwanaume mwenye ndoa, nimesimama wima sebuleni kwangu.

Wiki tatu za kwanza nilimwagilia vizuri. Kisha upepo ukaanza kweli kweli, ule wa kuingiza vumbi mpaka kwenye chumvi. Bomba likawa linatoa maji siku mbili kwa wiki. Ndugu yangu, nakwambia ukweli: nilichoka. Nilianza kuruka siku moja moja, nikawa naangalia mawaridi kwa dirishani na kujisemea kwamba bado yana nguvu.

Ndipo akarudi Festo. Huyu tulikuwa ofisi moja, alikuwa masomoni Ulaya miaka miwili, na tangu arudi alikuwa havui koti. Nilipomlalamikia habari ya maua akacheka.

"Bwana, nani anamwagilia waridi wakati wa baridi? Huko nilikotoka waridi linalazwa."

Kesho yake akaniletea gazeti la Kizungu lenye picha za rangi, lenye makala ya namna ya kuandaa bustani kwa majira ya baridi. Nikalisoma kwa kamusi. Lilisema kata shina libaki shubiri moja. Lifunike kwa udongo na majani makavu. Livishe gunia, funga kamba. Usimwagilie tena mpaka theluji iyeyuke.

Hapo pa kutomwagilia nilipasoma mara tatu. Sijawahi kupenda maandishi ya kitaalamu kama siku ile.

Jumamosi nikachukua panga na magunia kumi na mawili. Nilipomaliza, njia ya Mwalimu ilikuwa kama kambi ya watu wafupi waliojifunika magunia. Mke wangu akatoka nje na mwiko mkononi, akatazama.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kuyakinga na theluji."

"Na theluji ya Dodoma inayeyuka mwezi wa ngapi?"

Nikamwambia asilete dharau kwenye mambo ya kisayansi. Nikaingia ndani nikalala usingizi mzuri mchana kutwa.

Nilikaa miezi minne bila kugusa ndoo. Mwezi wa kumi na moja, joto limepanda mpaka mbwa wanalala kwenye mitaro, mke wangu akasema kama siyafungui yale magunia atayafungua yeye. Nikaenda. Gunia la kwanza liliniporomokea mikononi kama mkate mkavu, ndani yake udongo mwekundu na mchwa. Nikashika shina, likavunjika kama biskuti. Nikafungua la pili, la tatu, yote. Kumi na mawili.

Ningeweza kupanda gari siku ile ile. Kibaigwa si mbali. Ningefika, nikapiga magoti, nikasema Mwalimu nimeyaua. Angenigombeza, ningelia, ningerudi. Badala yake nilikwenda sokoni.

Kwenye duka moja la pale waliuza mapambo ya Krismasi ya kila aina, taa za kuwakawaka, nyuzi za kung'aa, na maua ya kitambaa kutoka ng'ambo. Ungesimama hatua tatu usingejua. Nikanunua mekundu yote waliyokuwa nayo. Nikaenda porini nikakata vijiti vya miiba, nikavichomeka pale pale palipokuwa na mashina, nikafunga maua kwa waya. Jumapili jioni njia ya Mwalimu ilikuwa imechanua kuliko miaka yote. Watu wakasimama getini.

Mke wangu aliyazunguka yote. "Hata nyuki hawaji," akasema.

Alisema kweli. Basi kila asubuhi nikawa nayanyunyizia marashi yake.

Jioni nikawa namwagilia chini ya vijiti, nikihakikisha wapita njia wananiona. Sikuwahi kumwagilia mawaridi mazima kwa bidii ile. Siku moja ua likadondoka ndani ya ndoo, na nilipolitoa, maji yalikuwa mekundu na ua lina mabaka meupe. Nikaelewa kwamba rangi yake haivumilii maji. Tangu hapo, wakati wakulima wote wanaangalia mawingu na makanisa na misikiti inaomba mvua, nadhani nilikuwa mtu pekee mkoa mzima anayeomba isinyeshe. Kwa hilo nawaomba radhi wakulima wote.

Mwalimu alirudi siku mbili kabla ya Krismasi. Mapacha walikuwa wazima, mama yao mzima, lakini yeye macho yalikuwa yameharibika. Ni mtoto wa jicho, alisema, naona ukungu tu. Nitakueleza ukweli wa moyo wangu mbaya: nilifurahi.

Alisimama getini akiangalia ule wekundu. Akainama akanusa.

"Yananukia kama mke wako," akasema.

Nikacheka peke yangu. Akanyoosha mkono akashika ua moja, akalipapasa taratibu kwa vidole, jani hadi jani.

"Uliyamwagilia?"

"Kila siku, Mwalimu."

"Na ile baridi?"

"Niliyakinga kabisa."

"Hakuna neno unalotaka kuniambia?"

"Hakuna, Mwalimu. Ila karibu sana nyumbani."

Akaniangalia, kama kule ni kuangalia. "Haya. Siku ya Krismasi uyakate wewe mwenyewe, asubuhi, uyalete kanisani."

Siku ya Krismasi niliyakata kwa koleo, nikayabeba kwenye beseni. Nilipofika, akina mama walishapanga chupa za kioo juu ya madhabahu, kwenye kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa. Mama mmoja wa kwaya, Mama Blandina, akaja na jagi la maji.

"Haya hayahitaji maji," nikamwambia.

"Maua gani hayahitaji maji, ya mbinguni?"

Akajaza chupa zote. Nikaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Ibada ilienda vizuri mpaka kwenye matangazo. Mwalimu Damari akasimama. Akasema ana shukrani. Akasema kuna kijana, tena mgeni, aliyemtunzia maua yake kiangazi chote, na angependa aje mbele awaeleze watu alifanyaje, ili vijana wengine wajifunze. Kanisa zima likageuka kunitafuta. Mke wangu akanibana mkono akaninong'oneza, "Sema ukweli."

Nilikwenda mbele na nia hiyo. Nakuapia, nilikwenda na nia hiyo. Lakini mchungaji alinipa kipaza sauti, na mimi sikuwahi kushika kipaza sauti. Nikasikia sauti yangu ikijaza ukumbi, nzuri, nzito. Nikasema maua ni kama mtoto. Nikasema niliamka alfajiri kwenye baridi kali kuyasemesha. Nikasema nimepitia magumu lakini upendo haukaushwi na upepo.

Nikaona watu wamekodoa macho, wengine wamefunika midomo. Nikadhani nimewagusa. Nikaongeza sauti.

Kumbe walikuwa hawaniangalii mimi. Nyuma yangu maji ya chupa zote yalikuwa yamegeuka mekundu kama juisi ya rozela. Chupa moja aliyoijaza Mama Blandina kupita kiasi ilikuwa inatiririsha, na ule wekundu ulikuwa unatambaa kwenye kitambaa cha madhabahu taratibu. Mama Blandina akatoka kwenye kwaya, akalichomoa ua moja, akaliinua. Lilitoka na waya wake, limekuwa jeupe kama pamba, linachuruzika.

"Mchungaji," akasema kwa sauti ya kawaida tu, "hili limeandikwa limetengenezwa wapi, ila sina miwani."

Kicheko kilianzia kwenye kwaya ya vijana. Mchungaji aliinamisha kichwa kama anayesali, lakini mabega yalikuwa yanacheza. Mimi bado nilikuwa nimeshika kipaza sauti, na pumzi zangu zilikuwa zinasikika mpaka nje.

Baada ya ibada Mwalimu alinisubiri kwenye ngazi.

"Nilijua tangu pale getini," akasema. "Macho yangu mabovu, vidole vyangu vizima."

"Sasa kwa nini hukusema, Mwalimu?"

"Nilikuuliza mara tatu. Mwanafunzi akikosea hesabu nampa nafasi afute. Leo nikakupa ya nne. Wewe ukahubiri."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Yamekufa yote?"

"Yote, Mwalimu."

Akakaa kwenye ngazi. Hakunigombeza. Alikunja mikono kwenye mapaja akaangalia mbele kwenye ukungu wake. "Mume wangu ndiye aliyeyachimbia mashimo," akasema. Hapo ndipo nilipolia, na sikulilia aibu ya kanisani. Nilikaa ngazi ya chini yake nikamweleza kila kitu, gazeti, magunia, mchwa, mpaka marashi. Nilipofika kwenye theluji akafunika uso kwa mtandio, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, huku machozi yanamtoka kweli.

Kisha akakumbuka kwamba miaka mingi nyuma aliwahi kumpa mwalimu mwenzake wa Zuzu pingili za mawaridi yale yale. Kesho yake nilipanda baiskeli. Mvua niliyokuwa naikataa iliamua kunyesha siku hiyo, nikaisukuma baiskeli kwenye tope zaidi ya nilivyoipanda. Mwalimu wa Zuzu alikuwa hai, na mawaridi yalikuwa hai. Habari yangu ilishamfikia. Alinipa pingili kumi na mbili, akaniuliza kama nimekuja na magunia.

Nilizipanda huku Mwalimu Damari amekaa kwenye kiti anapapasa kila shimo. Saba zilishika. Nilizimwagilia makopo mawili kila jioni, miaka yote mpaka nilipohama. Mwalimu alipasuliwa macho baadaye, akaona vizuri, na jambo la kwanza alilofanya ni kuja kukagua.

Hasara yangu? Ofisini waliniita Bwana Theluji, na Festo ndiye aliyeongoza. Sokoni waliniita hivyo hivyo. Kitambaa cha madhabahu kilikataa kutakata, nikanunua kingine. Na Mchungaji alinipangia niwe kwenye kamati ya mapambo ya Krismasi, mwanaume pekee kati ya akina mama kumi na mmoja, chini ya Mama Blandina. Miaka minane nilifunga utepe nikiambiwa umekaa upande.

Nakuomba wewe unayesoma: ukiachiwa kitu cha mtu kikakufia mikononi, nenda umwambie siku ile ile, kikiwa bado kijiti. Atakugombeza, utalia, mtamaliza. Usingoje mpaka upewe kipaza sauti, maana utakipenda.