Mlonge wa Utafiti Niliula Mimi

Jamani, kabla sijaanza kujitetea: mlonge niliupika mimi. Niliupika kwa tui la nazi, nikaula na ugali, nikalamba vidole. Mlonge wa watu! Mlonge wa utafiti!

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa nasoma kemia Maryland, nimepanga chumba Hyattsville. Profesa wetu, mama mmoja wa Kimarekani, alikuwa na ndoto moja: kutengeneza vumbi la oksidi ya zinki kwa maji ya majani badala ya kemikali za sumu. Chembe zake ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Unalipaka kwenye kioo, kioo kikipigwa jua kinatoa umeme. Nami kwa ujuaji wangu nikasema, “Kwetu Morogoro kuna mti unaitwa mlonge.” Mama yangu akatuma mfuko mzima wa majani makavu.

Mfuko ulifika wiki ya theluji. Mabasi hayatembei, nimefungiwa ndani siku tatu, kabatini nina unga na makopo ya tui tu. Nikaufungua ninuse. Harufu ya kwetu! Nikasema nachukua kiganja kimoja. Kiganja kikazaa kiganja. Theluji inayeyuka, mfuko mtupu, na mimi nimenenepa!

Hapo ningesema ukweli tungecheka yakaisha. Wapi! Nikakimbilia duka la Mkongomani mtaani kwangu, nikabeba kisamvu cha kugandishwa, wao wanaita sombe.

“Pakiti sita, mama?” muuzaji akashangaa. “Uko na mariaje nyumbani?”

Nikamjibu ndiyo, ni harusi. Nikakikausha kwenye oveni, nikakisaga, nikajaza mfuko wa mama.

Na Mungu ana vituko! Vumbi lilitoka jeupe, laini kama poda ya mtoto. Kioo kikatoa umeme hata profesa akanikumbatia. “Huu mlonge wenu!” Wakaja wageni kutoka Washington, nikasimama na viatu vya kuazima, nikausifia mlonge mpaka nikajiamini mwenyewe.

Kisha profesa akamkabidhi Mutua arudie kazi yangu. Mutua alikuwa Mkenya, mwenzetu pale maabara, mtu wa utani. Wakati huo mama ameshatuma mfuko mwingine, mlonge halisi. Mutua akachemsha, akachuja, akachoma. Vumbi likatoka la kahawia. Akarudia. Kahawia! Utani ukamwisha. Nilimwona akiosha chupa ileile mara tano, akidhani uchafu ni wake.

Nami nikamshauri! Eti, “Punguza moto, kaka.” Aibu gani hii!

Siku moja nikamkuta anafungasha madaftari.

“Dada, mimi naacha. Hii kichwa yangu si ya sayansi. Wewe ulifanya mara moja tu ikakubali.”

Maneno yakanitoka kabla sijayapanga. “Mutua, ni kisamvu.”

“Nini ni kisamvu?”

“Ule mlonge wangu. Mlonge wenyewe niliula.”

Akanitazama. “Wote?”

“Wote.”

Aliketi sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. “Miezi minne,” akasema. “Miezi minne nampigia mathe simu nyumbani, namwambia mama yangu mimi ni mjinga.”

Tukaenda wote kwa profesa. Yeye hakucheka kabisa. Alifuta jina langu kwenye makala iliyokuwa karibu kutumwa, na muhula uliofuata sikupewa nafasi maabara. Kisamvu akapewa Mutua, akaanza upya, akaandika mmea kwa jina lake la kweli, na vumbi likatoka jeupe. Haki yake! Kunisalimia aliendelea kunisalimia, tena kwa adabu zote. Lakini kuniuliza neno la kemia, hakuniuliza tena hadi tunamaliza chuo.

Mimi nilijidanganya kwamba nimemficha profesa tu, mtu mzima, hataumia. Sikumhesabu Mutua.

Nyie mnaonisoma, mkikosea semeni siku ileile, mchekwe, mlale. Ukichelewa, kuna mtu ataubeba ujinga wako akidhani ni wake, na siku utakapomwambia si wake, atakuwa ameshauzoea.