Ukuta Walionijengea Nipumzike

Mimi ni Mama Njeru, wa hapa Kianjokoma. Mungu nimemshukuru nyumbani tangu alfajiri, kwa hivyo mkiniona nimesimama hapa kanisani na hasira msishangae.

Kabla niugue nilikuwa nachuma majani chai. Hata Baba Njeru alipofariki niliendelea, kikapu mgongoni, nikipiga domo na jirani yangu Mama Wanja. Watu wakipeleka majani kituoni walikatiza bomani kwangu. Hakuna aliyepita bila kunisalimia, na wengi walikunywa chai kwanza.

Kisha watoto wangu wakaamua nimechoka. Waliniuliza? Hawakuniuliza! Shamba wakampa mtu mwingine achume, wakazungusha ukuta wa mawe na geti la chuma. Njia ikafungwa.

"Mum, sasa ni kupumzika tu," akasema Njeru, kifungua mimba wangu, akarudi Nairobi.

Nikapumzika mpaka nikaoza. Kujipikia peke yangu kulinishinda, nikawa nakunywa strungi, chai kavu bila maziwa, na kulala. Nguo zikanipwaya. Nilikaa siku tano bila kupata choo. Miguu ikavimba, nikaanza kujibizana na redio. Asubuhi moja nikaanguka bafuni. Nililala kwa mkojo wangu hadi saa nane mchana, nikiita, na watu wanapita nje. Mama Wanja ndiye alinisikia, akaruka ukuta. Na yeye ana miaka sitini na tisa!

Hospitalini, Njeru akiwa ameshafika kutoka Nairobi, daktari, msichana mdogo, alinipima kila kitu, kisha akauliza, "Shosho, mara ya mwisho kula na mtu ilikuwa lini?"

Nilishindwa kukumbuka. Nikalia kama mtoto.

Akamgeukia Njeru. "Mum yako ana njaa na upweke. Nitampatia dawa, lakini mkimfungia tena mtamrudisha hapa."

"Lakini daktari, akionekana akichuma chai watu watasema tumemtupa."

Watu! Mimi karibu nife, yeye anaogopa watu.

Nilipopata nguvu sikuomba ruhusa. Nilimwita fundi yule yule aliyejenga ukuta, akaubomoa pale njia ilipokuwa. Sasa nachuma mistari miwili kila asubuhi, na sijala peke yangu tangu mwezi uliopita.

Vijana, muulizeni mzazi kabla ya kumpumzisha. Na nyinyi wazee wenzangu, msinyamaze kwa adabu.

Jumamosi Njeru alikuja akakuta jikoni pamejaa majirani, akauliza atakaa wapi. Nikampa kisu amenye viazi.