Adhis Anangoja Stima Ipotee

Stima ikipotea Mashimoni mchana, watu husonya. Kinyozi husonya kwa sababu mashine imemfia mkononi na kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja. Mwenye kibanda cha kuchaji simu husonya, na mama wa saluni huanza kuwatukana watu ambao hajawahi kuwaona maishani mwake. Adhis peke yake ndiye aliyekuwa tayari kufunika chapati zake kwa kitambaa, kusukuma makaa pembeni, kufunga kibanda na kukimbia nyumbani akichekelea. Kwa majuma kadhaa alikuwa akiomba stima ipotee. Kwa kuwa yeye ni mwanakwaya mwenye heshima zake, ombi hilo hakulisema kanisani kwa sauti.

Alitaka kurekodi gitaa, na kurekodi kunataka kimya. Sasa kimya utakipata wapi kwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga? Mbele ya mlango wake kuna mashine ya posho inayosaga mahindi tangu asubuhi. Nyuma kuna yule kinyozi, ambaye spika yake ni kubwa kuliko kiti cha wateja. Ubavuni, ng'ambo ya ukuta wa mabati, anakaa Mideva, mshonaji, mwenye cherehani ya stima na redio ya stima, na mkono mwepesi wa kugonga ukuta kila gitaa la Adhis linapomharibia mchezo wake wa redio. Vyote hivyo, kuanzia posho hadi Mideva, vilizimwa na kitu kimoja tu. Ndiyo maana mama huyu alikuwa adui wa mwangaza.

Gitaa lilimjia ukubwani. Alipokuwa bado kijana alifanya kazi ya nyumba Kileleshwa, kwa mzee mmoja mstaafu aliyependa santuri. Adhis alikuwa akipiga pasi, mzee akiweka muziki wa bluzi, ule wa Wamarekani weusi wa zamani. Kulikuwa na wimbo mmoja wa taratibu ambao ukianza, pasi ilikuwa ikisimama hewani. Gitaa lilisema neno, likanyamaza, kana kwamba lilikuwa likingoja kujibiwa, kisha likasema lingine. Maneno hakuyashika yote. Mzee alimweleza kwamba ni habari ya mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umefungwa na mwenzake hayupo. Adhis hakuusahau wimbo ule, hata baada ya kuolewa, kumzaa Marvin, kumlea mpaka akapata kazi ya udereva Nakuru, na kuwa mama wa chapati anayejulikana kutoka Mashimoni hadi Kianda.

Mpiga gitaa wa kwaya alipohama, kanisa likabaki na ngoma tu. Adhis akajitolea kujifunza, watu wakacheka, naye akajifunza. Alipozizoea nyimbo za kanisa, akaanza kuutafuta ule wimbo wa Kileleshwa. Aliupata kwenye simu, akaukalia sebuleni, ambayo pia ni chumba cha kulala na jikoni, mpaka Mideva akachoka kugonga.

Alipoujua wote, alitaka jambo moja tu kutoka kwa binadamu wenzake. Alitaka kuambiwa ukweli. Je, yeye ni mpiga gitaa, au ni mama wa chapati aliye na gitaa? Kwa chapati hakuhitaji kuuliza mtu, alijua mwenyewe zikoje. Kwa gitaa hakujua, na kutojua huko kulimkera.

Alianza na mumewe, Benard, fundi wa mawe. Benard alisikiliza wimbo mzima akila ugali.

"Iko sawa," akasema.

"Sawa vipi?"

"Sawa tu. Kuna sukuma wiki ingine?"

Wateja wake ndio walikuwa wabaya zaidi. "Mathe, umeweza!" "Mathe, wewe ni moto!" Na huku wanaongezewa maharagwe. Nani atamkosoa mtu aliyeshika mwiko? Adhis alijua anavishwa kilemba cha ukoka, na hakuna kinachochosha kama kilemba cha ukoka ukiwa unatafuta mtu wa kukwambia nywele zako zikoje.

Mtu wa kusema ukweli alikuwa mmoja tu, na alikuwa Kawangware. Kaloki, fundi wa magitaa, ndiye aliyemuuzia gitaa lile, bovu lililozibwa ubavu kwa kipande cha mbao ya kochi. Mdomo wa Kaloki unajulikana. Mpiga gitaa mmoja wa kanisa kubwa aliambiwa naye kwamba anapiga kama mtu anayetafuta funguo ndani ya mkoba. Siku ile alipomuuzia Adhis gitaa, alimwambia, "Ukijua wimbo mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, rekodi uniletee. Ukiniletea wewe mwenyewe na gitaa utaanza kutetemeka, nitasikia kutetemeka tu. Nikisema we ni mpiga gitaa, jua ni ukweli. Nikinyamaza, rudi kwa chapo."

Basi stima ikapotea siku ya Alhamisi, adhuhuri. Adhis alifika nyumbani akihema. Aliegemeza godoro kwenye ukuta wa Mideva, akaning'iniza blanketi mlangoni, simu akaiweka kwenye stuli ikiegemea mkebe wa majani chai. Akaketi kitandani, akaanza.

Ilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe alisikia ni nzuri. Gitaa lilisema, likangoja, likasema. Alipofika katikati, moyo ulianza kumdunda, maana hii stima haina adabu, huweza kurudi wakati wowote. Akasonga mbele. Zilibaki sauti chache tu, ikabaki moja, akaipiga, na palepale ploti nzima ikalipuka.

"Imerudiiii!"

Walipiga makofi, wakapiga miluzi, mtu akagonga sufuria. Mashine ya posho ikanguruma. Adhis aliizima simu akiwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko bila makaa.

Alipoisikiliza ile rekodi aliona kwamba kelele zile zilianguka baada ya sauti ya mwisho, wala hazikuugusa wimbo. Akapiga moyo konde. Kabla ya kumpelekea Kaloki aliituma kwanza kwenye kundi la wapiga magitaa la WhatsApp, ambamo kulikuwa na watu wa kila mtaa, wengi wao hajawahi kuonana nao. Aliandika, "Naombeni mnikosoe bila huruma."

Huruma waliimwaga yote. Zilikuja picha za moto na za mikono inayopiga makofi. Kisha mmoja akaandika, "Crowd imeshika! Hii show ilikuwa wapi?" Mwingine, "Mbona hatukuambiwa? Hao watu wamebamba mbaya." Wa tatu akasema amepiga gitaa miaka mingi na hajawahi kushangiliwa namna hiyo, na akauliza Adhis hutoza pesa ngapi akialikwa.

Adhis alicheka mpaka akashika mbavu. Alianza kuandika kwamba hao ni majirani na wanashangilia stima, kisha akafuta. Akaandika tena, akafuta. Tuseme ukweli, ilikuwa tamu. Siku nzima iliyofuata alikanda unga akiwa na watazamaji wake kichwani, na mteja mmoja alipewa chapati mbili kwa hesabu ya moja bila kuomba.

Lakini utamu ule ulikuwa na kokoto ndani. Jumatatu, wateja wa chai ya asubuhi walipokwisha, alifunga kibanda akatembea hadi Kawangware.

Kibanda cha Kaloki kiko upande wa kuelekea Riruta. Magitaa yananing'inia darini kwa shingo, na yale yaliyopakwa gundi yamefungwa vipande vya mpira wa baiskeli mpaka yakauke. Kaloki hakumkaribisha kwa maneno mengi. Alipangusa mikono, akaichukua simu, na badala ya kuiweka sikioni akaitumbukiza ndani ya gitaa bovu kupitia tundu la kifuani. Sauti ikatoka nene, ikajaa kibanda.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Adhis alimtazama kope, mdomo, vidole, akitafuta dalili. Hakuona kitu. Kisha zile kelele zikafika, na Kaloki akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika.

"Hao wanashangilia stima!"

"Fundi, umejuaje?"

"Mama, mi nakaa Kawangware. Si juzi tu hata mimi nimepiga kelele hivyo hivyo?"

Aibu ilimpanda Adhis usoni, lakini ilikuwa aibu nyepesi, kama ya kukutwa umevaa kiatu cha mtu. Kaloki aliurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza tena wote. Safari hii hakucheka.

"Hapa mwanzo unaongea," akasema. "Vizuri. Hapa katikati unaanza kuharakisha. Hapa mwisho unakimbia kama mtu amenyeshewa. Ni nini inakukimbiza?"

"Naogopa stima irudi kabla nimalize."

"Na huo wimbo unasema nini?"

"Ni mtu amefika kwake akapata mlango umefungwa. Bibi ameenda."

"Sasa huyo mtu anakimbia aende wapi?"

Adhis aliitazama simu ndani ya lile tundu.

"Hana pahali pa kwenda," Kaloki akasema, kwa sauti ya chini kidogo. "Ameketi tu hapo mlangoni. Hata mvua ikuje, ameketi."

Adhis akauliza lile lililomleta. "Lakini fundi, mimi ni mpiga gitaa ama sio?"

"Sijui. Sijakusikia bado. Hapa nimesikia mtu anaogopa mashine ya posho." Akamrudishia simu. "Enda urekodi na kelele. Kelele ni zako, unakaa nazo. Ukimaliza nitumie, usichoke miguu."

Njia yote ya kurudi Adhis alimtukana Kaloki kwa Kiluo, taratibu na kwa mpangilio. Alipofika karibu na kwake akagundua kwamba amefurahi. Alikuwa amekosolewa. Mtu alikuwa ameusikiliza wimbo wake mara mbili mpaka mwisho, akajua mahali alipoanza kuogopa. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo.

Alichagua Jumamosi alasiri, wakati Mashimoni inapokuwa haina aibu hata kidogo. Posho ilikuwa ikinguruma, kinyozi amefungulia spika, cherehani ya Mideva ikitetemesha ukuta, na redio juu yake. Adhis hakuweka godoro wala blanketi. Aliacha mlango wazi, akawasha simu, akaketi.

Mwanzoni alijihisi mjinga, kama mtu anayenong'ona sokoni. Halafu akaacha kushindana. Alipiga sauti moja, akanyamaza, na pale aliponyamaza posho ikaingia. Akaiacha iingie. Akapiga nyingine. Yule mtu wa kwenye wimbo alikuwa amefika mlangoni kwake, na bila shaka hata huko kwao Marekani kulikuwa na jirani mwenye kelele.

Akiwa katikati, stima ikapotea.

"Aaaaah!" ploti nzima ikalia kwa pamoja. Spika ya kinyozi ikakatika, cherehani ikanyamaza, na mashine ya posho ikapunguza mwendo, ikakoroma, ikafa. Kimya alichokiomba majuma yote yale kilikuja chenyewe, siku ambayo hakukiita. Kidole gumba cha Adhis kikataka kukimbia. Haraka, kabla haijarudi! Akakizuia. Akamkumbuka yule mtu ameketi mlangoni, hana pa kwenda, akaketi naye. Aliacha gitaa lingoje mahali pa kungoja, hata pale ambapo kungoja kuliuma.

Sauti ya mwisho ikaisha polepole. Hakuna aliyepiga makofi. Hakukuwa na sababu, stima ilikuwa bado haijarudi.

Kisha ukuta ukagongwa. Adhis akafumba macho. Mideva, kama kawaida yake.

"Mama Marvin!"

"Eeh."

"Redio yangu imezima."

"Najua. Pole, nimemaliza."

"Kwani nani amekuambia umalize? Hebu rudia hiyo."

Simu ilikuwa bado inarekodi, na Adhis hakukata kipande hicho. Alimtumia Kaloki wimbo wote, pamoja na posho, kilio cha ploti, na Mideva. Kisha akaurudia wimbo kwa ajili ya Mideva, mara ya pili, na mara ya tatu mlangoni kwa sababu mama wa saluni naye alikuwa amesogea na stuli yake.

Jibu la Kaloki lilikuja jioni, Benard akiwa mezani. Lilikuwa la sauti, na lilianza na kikohozi.

"Mama, huyo mwanamke wa ukutani amesema kile nilikuwa nataka kusema. Lakini uzi wa tatu umelegea, na umelegea tangu mwanzo! Mpiga gitaa mzima kama wewe, unarekodije na uzi umelegea? Aibu! Kaza uzi."

Adhis alilisikiliza. Akalirudisha, akalisikiliza tena. Alipolirudisha mara ya tatu Benard aliinua kichwa kutoka kwenye ugali.

"Si huyo mzee anakugombeza?"

"Ananigombeza," Adhis akasema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akalishusha gitaa ukutani, akaanza kukaza uzi wa tatu.