Wimbo wa Jioni Una Mwenyewe

Bibi yangu ndiye aliyetunga ule wimbo wa jioni tunaofungia ibada. Nasema mapema ili tusizungushane. Aliutunga Madibira, akiwa mama kijana, siku nzima yuko shambani kuamia kwelea kwelea wasimalize mpunga, anapiga debe na kupayuka mpaka koo linakauka. Jua likizama ndege wanaondoka, na hapo ndipo alipoimba, taratibu, kumshukuru Mungu kwamba kelele zimekwisha. Wanawake wa mashamba ya jirani wakaudaka. Ukafika Igawa, ukafika Mbeya, ukaenda mpaka Iringa.

Mwalimu mmoja wa kwaya aliusikia kwa wanawake hao, akauandikia noti. Chini ya karatasi akaandika, kama walimu wa kwaya wanavyofanya, kwamba umenakiliwa na yeye, kisha jina lake. Karatasi ikatolewa kopi, kopi nayo ikatolewa kopi, dukani kwa Mhindi, miaka na miaka, na kila mara mashine inakula ukingo kidogo. Neno “umenakiliwa” likaliwa, jina likabaki. Basi, tukapata mtunzi!

Mwaka jana kanisa letu hapa Soweto, Mbeya, liliamua kuchapa kitabu cha nyimbo. Bibi, ambaye siku hizi anaishi kwangu, akaniita.

“Mjukuu wangu, safari hii nataka jina langu. Macho yanakwisha. Nilione kabla hayajafunga.”

Watu hupenda bibi mpole asiyetaka makuu. Wa kwangu anataka, na ana haki.

Nikapanda basi kwenda Iringa kumwona yule mwalimu, sasa amestaafu. Hakubisha hata kidogo. Alicheka, akanimiminia chai.

“Mama wa Madibira, namkumbuka. Mimi sikuiba, binti. Watu walinipa wenyewe.”

“Na wewe mwalimu ukanyamaza.”

“Nikanyamaza,” akasema, akitazama kikombe. Nilitamani kumdai shikamoo niliyompa mlangoni. Lakini aliandika barua ya kukiri, akatia sahihi, nikarudi nayo Mbeya.

Kamati ya kitabu ikaisoma, ikakohoa. Mwenyekiti akasema jambo hili litaleta maneno, mwalimu ni mtu anayeheshimika, na bibi, samahani sana, hajui noti. Kwa ajili ya amani wataandika tu “Wimbo wa asili”.

“Asili ndiyo nani?” nikauliza. “Anakaa wapi? Aliamia ndege shamba la nani?”

“Dada, hasira hazijengi.”

“Zinajenga sana tu!” nikasema, nikatoka bila kuaga.

Bibi alipoyasikia hakulia. Alisonya. “Kwani wimbo unatungwa kwa noti? Unatungwa kwa mdomo.”

Vitabu vilikuja kwenye maboksi, vikawekwa stoo ya kwaya. Ufunguo wa stoo ninao mimi, maana mimi ndiye mtunza sare. Jumamosi mchana nilijifungia humo na kalamu ya wino mweusi. Nikafungua kitabu kimoja kimoja, nikakata yale maneno ya “Wimbo wa asili”, nikaandika juu yake jina la bibi, majina yote matatu. Vitabu vyote. Vidole vilikufa ganzi. Sikuomba msamaha kwa mtu wala kwa Mungu, maana Mungu aliusikia ule wimbo kabla yao.

Kesho yake kwenye ibada ya jioni vitabu viligawiwa. Mwenyekiti alifika ukurasa wenyewe, akasimama.

“Nani amechafua vitabu vya kanisa?”

“Ni mimi,” nikasema kutoka kwenye kwaya. “Na havijachafuliwa. Vimesahihishwa.”

Bibi, mstari wa mbele, alikuwa amekisogeza kitabu karibu na pua, kidole kinapita herufi kwa herufi, vile alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Alifika mwisho wa jina, akaanza upya. Akalisoma mara tatu. Kisha akageuka, akanitafuta, akasema kanisa zima likisikia:

“Mbona umeliandika dogo hivi? Lete kalamu!”