Salamu za Bi Kabula

Raba za Abasi, fundi cherehani, zilirudi nyumbani na vumbi jekundu kila asubuhi, na vumbi hilo alilipaka kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mshona kanzu anayeheshimika soko zima la Tabora, alikuwa akiinama nyuma ya banda la kahawa la Adinani, anachota mchanga na kujipaka miguuni kama mtoto aliyetoroka madrasa. Kisha anachota maji kwenye ndoo ya kuoshea vikombe na kujimwagia shingoni, ili aonekane ametoka jasho. Wenzake wa kwenye benchi walicheka mpaka kahawa ikawapalia.

"Mwanariadha huyo!" Adinani alimtania. "Leo umefika wapi?"

"Karibu na Kwihara, na nimerudi," alijibu Abasi, naye akacheka. Lakini moyoni hakucheka.

Mambo yalianza kwa presha. Alikuwa amekaa kwenye cherehani miaka thelathini, na muuguzi wa kliniki hakumficha. "Baba, dawa utameza, lakini tembea kila siku. Na utafute jambo la kukupendeza huko njiani, maana usipopata utaacha." Binti yake, Swaumu, akatuma raba kutoka Dar es Salaam. Njia alitafutiwa na mkewe, Ummy.

Ummy mwenyewe hakuweza kutembea mbali tangu bodaboda ilipomvunja mguu. Kilichomuuma kuliko mguu ni kwamba hakumfikia tena Bi Kabula, somo yake, mama aliyemfunda alipoolewa na kumshika kama mwana baada ya mama yake mzazi kufariki. Bi Kabula alikaa peke yake nje ya mji, kwenye barabara ya Kwihara, ile njia ya misafara ya zamani, mwendo wa nusu saa na ushee kwa miguu. Mtoto hakuwa naye, na masikio yake hayakupatana na simu.

"Basi wewe tembea mpaka kwake," alisema Ummy. "Umpe salamu zangu, uniletee zake. Mazoezi utakuwa umefanya, na mimi nitajua mama yangu kaamkaje."

Abasi alitembea siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili goti lilimgomea, njia ikamchosha kwa urefu na ukimya wake, naye akapumzika kidogo kwa Adinani, pale karibu na reli. Kahawa ilikuwa ya moto, kashata ndiyo kwanza zimeepuliwa, na bao lilikuwa limekolea. Jua likapanda. Aliporudi, Ummy alimpokea mlangoni na swali: "Somo yangu hajambo?" Neno likamtoka kabla hajalipima.

"Hajambo. Anakusalimu sana."

Uongo wa kwanza ulimnyima usingizi. Wa kumi haukumnyima hata kikombe cha pili cha kahawa. Masika yakaisha, kiangazi kikaingia, na kila asubuhi Abasi alipokea salamu mlangoni na kuzizika kwenye benchi. Siku nyingine Ummy alimfungia Bi Kabula vitumbua viwili kwenye kitambaa safi, na vitumbua hivyo vililiwa palepale kwa Adinani. Abasi aliona aibu alipokuwa akivitafuna, na alivimaliza.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Abasi ilifika mwisho Jumanne moja ya mwezi wa nane.

Asubuhi hiyo alirudi kama kawaida, shingo imelowa. "Nimemkuta anafagia uwanja," alimwambia mkewe, maana siku hizi alikuwa ameanza kuutia uongo wake viungo. Adhuhuri, sahani ya wali ikiwa mbele yake, mtu mmoja alipiga hodi, baiskeli yake imebeba madumu ya asali kutoka Sikonge. Alisema amemkuta bibi mmoja ameanguka uwanjani kwake, nyonga imevunjika. Yeye na wapita njia wengine wamemfikisha hospitali, na jina alilolitaja bibi huyo ni la Ummy.

Ummy alimgeukia mumewe. "Si ulimwacha mzima?"

"Nilimwacha mzima," alisema Abasi. Alisukuma kando sahani ya wali.

Hospitalini walimkuta Bi Kabula amelala chali, mdogo kitandani kuliko Abasi alivyomkumbuka. "Shikamoo, mama," alisema Abasi.

"Marahaba, mwanangu." Ummy akamweleza kwamba Abasi amesema alimwacha mzima asubuhi. Bi Kabula alimtazama Abasi, kisha akamwambia Ummy: "Usimlaumu mumeo. Alinipitia asubuhi, tukaongea. Nilianguka alipokwisha kwenda zake."

Ummy aliinamisha kichwa. Baadaye akajikongoja kwenda kutafuta maji ya kunywa, na wawili hao wakabaki peke yao.

"Nilianguka kabla hakujapambazuka," alisema Bi Kabula taratibu. "Nikalala pale mchangani nikisikiliza barabara. Kila kishindo cha mguu nilisema, huyo ni mume wa Ummy. Ulikuja siku kumi na moja, mwanangu. Nikakuzoea."

Abasi alilia. Alilia waziwazi, mkono umefunika uso, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka upande wa pili kumsitiri.

"Nyamaza. Ndoa yenu niliishikiza mimi kwa kinywa changu, siwezi kuibomoa kwa kinywa hichohicho. Nikipona, njoo."

Alipona kwa namna ya wazee, yaani alirudi nyumbani na mkongojo, na mjukuu wa jirani akawa analala naye. Siku ya pili tu Abasi alikuwa njiani. Alipita kwa Adinani bila kugeuza shingo, wakamzomea, akaendelea. Majuma ya kwanza alitembea kama mfungwa anayetumikia kifungo chake. Goti liliuma, naye alilifurahia likiuma, kwa kuwa aliona ni haki yake.

Lakini Bi Kabula hakutaka mfungwa. Akimwona tu kwa mbali alipaza sauti, "Mwangaluka!" naye Abasi, mtu wa mjini asiyejua Kinyamwezi zaidi ya salamu, alijibu kwa kupaza vilevile. Palikuwa na kigoda chake mlangoni. Palikuwa na uji. Bi Kabula alimsimulia habari za babu yake mpagazi, aliyekwenda pwani na mizigo mara tatu, akaapa mara tatu kwamba hatarudia, na kila ngoma ya msafara ilipolia akawa wa kwanza kujifunga kibwebwe. Hadithi hakuimaliza kwa siku moja. Aliikatia patamu, akasema, "Iliyobaki kesho." Bibi yule alijua kazi yake.

Siku ya mvua kubwa Abasi alizunguka sebuleni kama kuku mtagaji. Ndipo alipotambua kwamba anaitamani ile barabara, na kwamba goti limeacha kusema. Alifurahi, halafu furaha ikamchoma. Utamu huu ulikuwapo tangu siku ya kumi na mbili, ukimsubiri mwendo wa nusu saa tu, na yeye aliupata kwa gharama ya nyonga ya mama wa watu.

Mwaka ulipotimia alikwenda kliniki na Ummy. Presha ilikuwa imeshuka, muuguzi akatabasamu. "Hongera, baba. Umetembea kwa muda gani sasa?"

"Mwaka wa pili huu," alijibu Ummy kabla yake. "Hakuacha hata siku moja."

Walikaa kwenye benchi la nje kusubiri bajaji. Abasi alishindwa kuvumilia.

"Mama Swaumu, si kweli. Ni mwaka mmoja. Huko nyuma nilikuwa nakaa kwa Adinani. Siku ile alipoanguka, sikufika."

Ummy hakushtuka. Alinyoosha mguu wake mbovu, akaukanda.

"Najua, Baba Swaumu. Bi Kabula hajawahi kutuma salamu bila swali. Mguu umeukanda? Chumvi umepunguza? Siku kumi na moja uliniletea maswali. Halafu ukaanza kuniletea 'anakusalimu sana', basi. Nilijua tangu juma la kwanza la uongo wako."

"Na hukusema?"

"Nilichelea kukuumbua, ukaacha hata kutoka nje. Nikajiambia ana majirani, atakuwa mzima." Alivuta kanga, akaufunika mguu. "Pale hospitalini alidhani anakusitiri wewe. Alitusitiri wote wawili, na yeye hajui."

Bajaji ilisimama mbele yao. Ummy alishika bega la mumewe, akainuka.

"Kesho nitapanda bajaji mpaka kwake," alisema. "Wewe utatembea kama kawaida. Unisubiri pale mlangoni, usiingie bila mimi. Nina radhi ya kuomba."