Bomba la Rangi ya Unga na Oveni ya Mke Wangu

Nilikwisha kupaka baiskeli rangi kwa brashi, kwa kopo la kupuliza, na mara moja kwa kitambaa. Zote zilibanduka. Nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha Morogoro, na jioni, nikitoka kazini, nilifufua baiskeli kuukuu nyuma ya nyumba. Sikuziuza. Nilipenda tu kuona gurudumu lililokufa likizunguka tena.

Serikali ilipouza kiwanda chetu, mwenye mali mpya alileta viti vya chuma vilivyopakwa rangi ya unga. Mgeni aliyekuja kufunga mitambo alinieleza jinsi inavyofanyika. Unga mkavu wa rangi unapulizwa kwa bomba lenye umbo la bastola, umeme unaufanya unga ung'ang'anie chuma, kisha chuma kinaingizwa kwenye joto kali mpaka unga uyeyuke na kuwa ngozi. Nilikwaruza mguu wa kiti kwa ufunguo. Haukuacha alama. Wiki nzima sikuwa na habari nyingine nyumbani ila hiyo.

Zamani ningeishia kutamani. Nimeishi miaka ambayo sabuni ilipangiwa foleni na spoku za baiskeli ziliombwa kwa barua. Lakini sasa maduka yalikuwa yamefunguka, na karibu na soko palikuwa na muuza vifaa, Mluguru wa palepale mjini, rika langu, mwenye kalamu sikioni, aliyeweza kuleta kutoka Dar kitu chochote utakachomchorea kwenye karatasi. Mimi ni Mnyamwezi. Kwa utani wa makabila yetu, tangu tufahamiane hatukuwahi kusema sentensi mbili za kweli mfululizo.

Nilimchorea lile bomba. Siku aliyoniita nilikuta maboksi mawili juu ya kaunta, nichague moja.

"Mpagazi wangu umefika," alisema. "Mizigo hiyo. Najua kubeba ndiyo kazi yenu."

"Fungua kwanza. Mluguru akishuka mlimani na boksi, ndani huwa kuna ndizi."

Bomba la kwanza lilikuwa zito, lina sanduku la vitufe vitatu na mpira mrefu wa hewa. Nililishika kwa furaha. La pili lilikuwa dogo, jepesi, na chini yake pamefungwa kikopo cha plastiki cha kutilia unga. Nilitoa miwani nikasoma maandishi yote, hata yale ya kwenye plagi. Lile kubwa lilitaka hewa nyingi, na mimi nilikuwa na kompresa ndogo niliyoinunua kwa fundi wa pancha. Tena lilitaka umeme wa nchi nyingine, nusu ya nguvu ya umeme wetu. Dogo lilikubali umeme wetu na hewa kidogo, na ukitaka kubadili rangi unafungua kikopo, unafunga kingine. Kwa kengele, mikono ya breki na vishikizo vya taa lilitosha kabisa. Nilichukua dogo. Mpaka leo nasema nilichagua vizuri.

"Na oveni unayo?" mtani wangu aliuliza.

"Ipo."

Ilikuwepo kweli. Ila haikuwa yangu. Mke wangu aliinunua kwa mwalimu mmoja wa Mzumbe aliyekuwa anahama, kwa akiba ya miaka ya kuuza maandazi. Alikuwa ameanza kuoka keki, na Jumamosi ya wiki ileile alikuwa na oda yake ya kwanza ya harusi. Wenye harusi walikuwa watu wa ukoo mkubwa. Wakiridhika, alisema, hatarudi tena kwenye karai la maandazi.

"Sikiliza, Mnyamwezi," mtani aliendelea, akifunga boksi. "Oveni utakayochomea huu unga usije ukaniokea mkate humo. Nyinyi mnaweza kula rangi, mmezoea kula kila kitu njiani. Tumbo langu la Kiluguru halitaki."

Nilicheka mpaka nikaegemea kaunta. Nikamwambia kwao hata oveni hawaijui. Nikaondoka na boksi langu kwapani.

Alhamisi mke wangu alikwenda kwao Matombo kuchukua mdalasini kwa mama yake. Hakuamini wa dukani. Aliniacha na neno moja, "Jiko langu usiliguse," nami nikaitikia kama mtu anayesikiliza.

Nilianza na kengele. Niliisugua mpaka chuma kikang'aa, nikaining'iniza kwa kamba ya katani, nikafunga kitambaa puani na kupuliza. Unga mwekundu ulitoka kama moshi na wote ukaanguka chini. Nikajaribu tena, ukaanguka tena. Nilikwisha kuanza kumtukana mtani wangu kimoyomoyo ndipo nikaiona kamba. Mkonge haupitishi umeme. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, nilikuwa nimeufunga vizuri sana kwenye kamba. Nikaining'iniza upya kwa waya mtupu, nikabana ethi hapo, nikapuliza, na unga ukaruka wenyewe, ukazunguka hadi nyuma ya kengele ambako sikuulekeza. Nilicheka peke yangu uani.

Kisha nikaingia jikoni. Nilijiambia ni kengele moja tu. Nilichungulia kwenye kioo cha oveni nikaona unga mkavu ukilowa, ukilainika, ukitulia, halafu ukang'aa kama sukari iliyoyeyuka. Nikaleta mikono ya breki. Nikaleta vishikizo vya taa. Nilishinda pale mchana wote. Nikafungua madirisha, nikafuta oveni kwa sabuni na ndimu, nikaridhika.

Ijumaa alirudi, akaoka. Keki zilipanda vizuri. Alikata kipande cha pembeni, akakitia mdomoni, akakitema kiganjani.

"Umechoma nini humu, baba watoto?"

Kengele ilikuwa juu ya meza, nyekundu. Hakungoja jibu. Nilianza kueleza habari za sabuni na ndimu.

"Watu wangekula," alisema. "Watoto wangekula."

Alizimwaga zote shimoni. Kisha akapanga mafiga, akaokea kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, kama alivyofundishwa na mama yake. Keki zilifika harusini, ndogo, zimeungua ukingoni. Oda ya pili haikuja. Jumatatu aliniambia, "Ihamishe oveni. Imekuwa yako."

Nilikwenda kwa mtani wangu na hasira nisiyojua pa kuiweka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa utani."

"Mimi na wewe tulishawahi kuongea kwa njia nyingine?"

Hapo alisema kweli. Lakini mke wangu hakunitania, yeye aliniambia waziwazi.

Ningeweza kuliuza lile bomba nikaanza kumtafutia oveni nyingine. Nilisema nitafanya hivyo baada ya baiskeli moja, kisha baada ya nyingine. Sikufanya. Alirudi kwenye karai, na aliamka kabla ya adhana mpaka miguu ilipomkataa. Ile kengele bado ipo kwenye baiskeli yangu. Haijabanduka hata mahali pamoja, na yeye akiisikia ninapoingia uani huinua macho mara moja, kisha anaendelea na kazi yake.